Kilomita Tisa za Njia ya Namanga

Mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño kukatika na matope ya Kitengela kugeuka vumbi kama kawaida yake, ungemuuliza dereva yeyote wa barabara ya Namanga ni nani anayejua matairi, angekutajia mwanamke. Nurto, binti ya mzee Burale. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja aitwaye Najah, na duka la matairi la babake lilikuwa mikononi mwake tangu mgongo wa mzee ulipoanza kumsumbua. Alivaa koti la kazi juu ya dera, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimtatize, na mfukoni hakukosa chaki na futi ya kupimia. Wateja wageni walipofika wakawa wanapepesa macho kumtafuta fundi, aliwaacha watafute mpaka wachoke.

Kila Jumanne alikuwa akiletewa maziwa na Soila, mke wa dereva mmoja wa Kajiado. Jumanne hiyo ya mwezi wa sita, Soila alikuja mikono mitupu. Akajiketia juu ya tairi la lori pale mlangoni, akatazama barabara.

"Sopa, Soila," Nurto alimsalimu kwa Kimaa.

"Epa." Sauti ilikuwa ndogo. "Leo hakuna maziwa, Mama Najah. Nimekuja tu kukwambia, usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Parmuat amenyang'anywa funguo za gari."

Nurto aliweka chini spana. Alimjua Parmuat, mumewe Soila, vizuri. Miaka kumi na moja mtu huyo alikuwa akiendesha Land Rover nyeupe, ile fupi, ya mradi wa chanjo ya mifugo mjini Kajiado. Kila wiki alipakia makasha ya barafu yenye chanjo, akashusha mengine Bisil, na mengine akayafikisha kwenye stoo ya mradi kule Namanga, mpakani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwa mtu wa mbio.

"Amefanya nini?"

"Wanasema hafiki Namanga." Soila alishika kidole kimoja, halafu cha pili. "Wanasema anakimbiza gari kupita ule mwendo wa themanini waliomwekea, halafu anageuka kabla ya kufika, chanjo anauza huko porini. Mita ya gari ndiyo inasema. Zamani kwenda Namanga ilikuwa inahesabu kilomita themanini na saba. Siku hizi ni sabini na nane. Hizo tisa ziko wapi?"

"Na mwenye stoo ya Namanga? Si huwa anaweka saini akipokea?"

"Mwenye stoo ni Seleyian, kaka yangu. Wanasema shemeji amemwekea shemeji saini." Soila alijifunga shuka vizuri. "Mzee Lemayian, mwenyekiti wa kamati ya mradi, alisimama soko la Bisil, watu wamejaa, akasema wafugaji wawe macho, dereva wa mradi ni mwizi. Watoto wangu waliambiwa hivyo shuleni. Keshokutwa kamati inakaa kumfuta kabisa."

Nurto aliokota spana. Ile namba ilikuwa imemwingia kichwani na kukaa mahali pake, kama nati inapokaa kwenye skrubu yake. Themanini na saba, sabini na nane. Alijua kilomita tisa zimekwenda wapi. Alijua pia ni nani aliyezipoteza.

Ilikuwa Disemba, katikati ya mvua. Magari yalikuwa yamepanga foleni nje ya duka hadi kwenye daraja la mtaro, yote yamepakaa tope mpaka madirishani. Mradi ule ulikuwa umeagiza Land Rover yake ifungwe matairi makubwa zaidi, ipate kuinuka juu ya matope. Nurto alitoa matairi membamba, yale yaliyoandikwa 600 ubavuni, akafunga ya 750. Rimu zilikuwa zile zile, kazi ya saa moja. Na alipokuwa akikaza nati ya mwisho alikumbuka kwamba spidomita ya gari hili sasa itadanganya, kwa kuwa tairi kubwa linakwenda mbali zaidi katika kila mzunguko na spidomita haina habari. Alitaka kumwambia dereva. Lakini nyuma kulikuwa na mtu anapiga honi, na mwingine gari lake limezama, na Nurto akajisemea kwamba matairi yale ni ya mvua tu, yatatolewa jua likirudi.

Jua lilirudi. Matairi hayakutolewa.

Jioni hiyo alimweleza babake. Mzee Burale alikuwa ameegemea mto, redio iko sikioni.

"Mteja alitaka matairi, tukampa matairi," alisema mzee. "Ukienda huko utasema nini? Kwamba duka la Burale linafunga matairi yanayofukuzisha watu kazi? Kesho nani atakuja hapa?"

"Aabo, nitasema ukweli wa tairi."

"Ukweli wa tairi hakuna aliyekuuliza."

"Ndiyo sababu naenda. Hakuna aliyeuliza." Nurto alimwekea chai karibu. "Mtu anaitwa mwizi kwa kazi ya mkono wangu, Aabo. Siwezi kukaa hapa nauza matairi."

Mzee aliongeza sauti ya redio. Hakumkataza tena, na kwa Burale hiyo ilikuwa karibu sawa na ruhusa.

Alhamisi asubuhi Nurto alipakia jeki, spana na daftari lake la kazi kwenye pikapu, akashika njia ya Kajiado. Hakuwa na wasiwasi. Watu wakibishana juu ya tabia ya mtu, hakuna mwisho. Lakini hili lilikuwa jambo la kupimika, na jambo la kupimika halimwogopi mwenyekiti.

Kamati ilikuwa ofisini kwa meneja wa mradi, Margaret, mwanamke mnene mtulivu aliyewahi kuwa mwalimu na ambaye hadi leo watu walimwita Madam. Kando yake alikaa mwenyekiti, mzee Lemayian, mwenye ranchi upande wa Isinya, fimbo yake imelala mezani mbele ya karatasi. Karani alikuwa na daftari la safari. Parmuat mwenyewe alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Hakuna aliyempa kiti, naye hakuomba.

"Wewe ni nani, na umetumwa na nani?" Margaret aliuliza Nurto alipoingia.

"Naitwa Nurto Burale, wa matairi, Kitengela. Sijatumwa. Hiyo Land Rover yenu, ni mimi nilifunga matairi iko nayo sasa. Nimekuja kwa sababu mnamhukumu mtu kwa mita, na hiyo mita mimi ndiye niliiharibu."

Parmuat alimgeukia. Lemayian naye aliinua macho.

"Uliiharibu namna gani?"

"Sikuigusa. Niliongeza urefu wa tairi. Mzee, spidomita haioni barabara. Kuna waya unaozunguka, umeshikwa huko kwenye giaboksi, na kazi yake ni kuhesabu mizunguko. Kiwandani waliipangia tairi la kadiri fulani. Ukiweka tairi kubwa, kila mzunguko gari inaenda mbali zaidi, lakini mita bado inahesabu ile hatua ya zamani. Kwa hivyo inaandika kilomita chache kuliko zile mmeenda. Na mshale unasema mwendo mdogo kuliko ule uko nao."

"Mimi nilimfuata huyu," Lemayian alisema, akimwelekezea Parmuat fimbo. "Kutoka Isinya mpaka hapa Kajiado. Gari yangu mshale umesimama tisini, na sikumkaribia. Akanitazama machoni akasema alikuwa themanini. Hiyo pia ni tairi?"

"Hiyo pia ni tairi. Wewe ulisoma tisini, yeye alisoma themanini, na mlikuwa mwendo mmoja. Nyote mlisema kweli."

"Maneno matamu," Lemayian alisema. "Dereva wetu ni mteja wako?"

Nurto alikuwa ameshaamua njiani kwamba hatabishana na mzee huyu. Alimgeukia karani.

"Ndugu, hilo daftari liko na safari zote? Si za Namanga peke yake?"

"Zote."

"Madam, mwaka huu ulisafiri na hii gari mpaka Kitengela?"

Margaret alifikiri. "Mwezi wa tatu. Nilikuwa na mkutano."

"Tusomee, ndugu. Hapa mpaka Kitengela, siku hiyo."

Karani alipekua kurasa. "Arobaini na tano."

"Na safari kama hiyo mwaka jana, kabla ya mvua?"

Alirudi nyuma sana. "Mwezi wa nane, hamsini. Mwezi wa tisa, hamsini."

"Madam," Nurto alisema polepole, "mwezi wa tatu mlifika Kitengela, ama ulishukia njiani?"

Karani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Margaret hakucheka. Alilivuta daftari lile mbele yake, akavaa miwani, akaanza kusoma mwenyewe, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa. Bisil ilikuwa thelathini. Sasa ilikuwa ishirini na saba. Isinya nayo ilikuwa imepungua. Kila mahali palikuwa pamesogea karibu na Kajiado.

"Ilianza lini?" aliuliza.

"Isome wewe, halafu nikuonyeshe yangu."

"Tarehe kumi na sita Disemba."

Nurto alifungua daftari lake la kazi. Tarehe kumi na tano Disemba, Land Rover nyeupe ya mradi, kutoa 600, kufunga 750. Namba ya gari ilikuwa hapo, kwa mwandiko wake.

Lemayian ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. "Ulijua siku hiyo kwamba mita itapotea?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Kulikuwa na foleni, nikajiambia ni matairi ya mvua tu, yatatolewa jua likirudi." Alilifunga daftari lake. "Kosa hilo ni langu. Ndilo limenileta hapa. Lakini msimpe Parmuat."

Parmuat alisema neno lake la kwanza. "Ungeniambia, ningejua tu namna ya kuendesha."

"Najua, mzee. Unisamehe."

Parmuat aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu ambacho atakiangalia baadaye.

Lemayian alitaka kuona kwa macho, na Nurto alikuwa amelitegemea hilo. Wote walitoka wakaenda uani. Spea ya Land Rover, iliyofungwa juu ya boneti, bado ilikuwa tairi la zamani, la 600. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kulibadilisha. Nurto aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la mbele la kulia, akafunga lile la spea mahali pake. Gari likawa limeinama kidogo upande mmoja, tairi dogo kulia, kubwa kushoto. Akachora mstari wa chaki kwenye kila tairi, chini kabisa linapogusa ardhi.

"Madam, wewe simama kulia, uhesabu huu mstari ukigusa chini. Mzee, wewe hesabu kushoto. Kila mtu kwa sauti yake."

Parmuat alishika usukani dirishani akanyoosha gari, Nurto na karani na wafanyakazi wawili wakasukuma. Land Rover ilianza kutambaa uani. "Moja," alisema Margaret. "Moja," alisema Lemayian, nyuma yake kidogo. Mpaka kwenye tano mzee alikuwa amechelewa nusu nzima ya mzunguko, na akaanza kutembea ameinama, fimbo kwapani, asije akapitwa na mstari wake. "Kumi," alisema Margaret. Gari likasimama.

Lemayian alitazama chaki iliyokuwa imegusa vumbi sasa hivi tu.

"Tisa," alisema.

Nurto alinyoosha futi ardhini kwa sababu ya karani, aliyetaka kuandika. Mita ishirini na mbili. Dogo mizunguko kumi, kubwa mizunguko tisa, uwanja ule ule.

"Mita yenu inadhani bado iko na dogo," alisema. "Kila gari ikienda kilomita kumi, inaandika tisa. Mshale ukisema themanini, mnaenda karibu tisini."

Mwalimu aliyekuwa ndani ya Margaret alikuwa ameshapiga hesabu. "Themanini na saba, toa moja kati ya kila kumi," alisema. "Sabini na nane." Akaivua miwani.

Lakini Lemayian alikuwa mtu aliyenunua ng'ombe kwa kuwashika meno, si kwa kusikia sifa zao. "Hiyo ni hesabu ya kusukuma," alisema. "Mimi nataka ya kuendesha. Twende Namanga."

Nurto alirudisha tairi kubwa. Margaret alimnyooshea Parmuat funguo, naye hakuzipokea.

"Aendeshe mzee mwenyewe," alisema. "Nikiendesha mimi, kesho mtasema nimeitia dawa hiyo mita."

Basi mwenyekiti wa kamati aliendesha. Parmuat alikaa kando yake, wanawake wawili nyuma kwenye mabenchi, magoti yakitazamana. Karani aliandika namba ya mita langoni. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, pande zote mbili nyasi za El Niño zimekauka zikawa rangi ya simba. Lemayian aliushika mshale kwenye themanini kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa. Walipopita Bisil alianza kusikiliza upepo kwenye turubai la paa. Lori la magunia lililokuwa mbele likawa linamkaribia upesi kuliko alivyotarajia, ikambidi akanyage breki.

"Hii gari inakimbia," alisema.

"Mshale unasema ngapi?" Parmuat aliuliza.

"Themanini."

"Basi nami ndivyo nilivyokuwa nakwambia."

Mzee aliutazama mshale tena. Alipunguza mwendo mpaka mshale ukawa sabini na mbili, bila kuambiwa na mtu, na hakuuinua tena mpaka milima ya mpakani ilipotokea.

Stoo ya Namanga ilikuwa chumba cha mawe chenye friji moja. Lemayian alisimamisha gari mbele ya mlango, akaegemea usukani kusoma. Halafu akasogea ili Margaret aone kutoka nyuma. Sabini na nane kamili tangu langoni, na kigurudumu kidogo cha mwisho kinaanza kuinuka.

Seleyian alitoka akikausha mikono, akaona mwenyekiti kwenye usukani na shemeji yake kiti cha abiria, akachanganyikiwa asijue amsalimu nani kwanza. Margaret aliingia ndani, akaomba daftari la kupokea chanjo, akafungua friji, akahesabu masanduku moja moja dhidi ya karatasi. Ilimchukua muda. Alipotoka alikuwa na macho mekundu kidogo.

"Yote yako," alisema. "Yalikuwa yako siku zote. Ningekuja hapa wiki tatu zilizopita ningeyaona."

"Mlikuwa na mita," Parmuat alisema. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na labda ndiyo maana Margaret hakuweza kumtazama.

Alimnyooshea tena funguo hapo hapo. Parmuat akaziangalia mkononi mwa Margaret.

"Madam, kazi naitaka. Lakini jina langu halikupotelea ofisini kwako. Lilipotelea Bisil, mbele ya watu. Nirudishiwe huko huko, halafu nitashika funguo."

Wote waligeuka kumtazama Lemayian. Mzee alikuwa anazunguka Land Rover, anagonga kila tairi kwa fimbo. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe mia nne na heshima ya maili nyingi, na Nurto alimwona akipima mzigo huo, anautafutia njia ya kuupita kando. Haikuwepo.

"Siku ya soko ni Jumatatu," alisema hatimaye. "Nitakuja."

Akaja. Nurto alifunga duka siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya sikukuu. Soko la mifugo la Bisil lilikuwa limefurika, mbuzi wanalia, wanunuzi wa Nairobi wanapiga kelele za bei. Lemayian alipanda juu ya ukingo wa zizi, akangoja mpaka wakamwona, akasema kwa Kimaa kwanza. Nurto alishika maneno machache tu, lakini alilisikia jina la Parmuat, na aliona kichwa kimoja baada ya kingine kikigeuka upande aliposimama dereva na mkewe. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni.

"Nilisema hapa dereva wa mradi ni mwizi. Nilikosea. Chanjo ilifika kila wiki. Gari ilikuwa na viatu vikubwa, ikawa inahesabu hatua vibaya, nasi tukamshika mtu badala ya kushika gari. Mwenye kutaka kujua zaidi amuulize yule mama wa Kitengela, atamchorea na chaki."

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa chepesi. Mzee mmoja alimwendea Parmuat akamshika mkono, kisha wa pili, kisha ikawa foleni. Soila hakusogea. Alisimama na shuka yake imebanwa kifuani, anatazama kila mkono uliomshika mumewe, kama anayewahesabu ili awakumbuke.

Parmuat alizichukua funguo kwa Margaret, aliyekuwa amekuja sokoni na Land Rover. Jambo la kwanza alilofanya nazo ni kuendesha mpaka Kitengela, Nurto akimfuata na pikapu yake. Matope yalikuwa yamekwisha, na Nurto alitaka kuyarudisha matairi ya 600 kwa mikono yake, bila malipo.

Mzee Burale alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya duka, mgongo umenyooka kwa maumivu. Kumbe wateja watatu walikuwa wamepita asubuhi hiyo kuuliza, si matairi, bali kama mishale yao inasema kweli. Habari ilikuwa imetangulia kutoka Kajiado. Aliwaambia wasubiri binti yake. Sasa alimtazama Parmuat akishuka, akamsalimu kwa heshima, akaagiza aletewe chai. Halafu, Nurto alipokuwa akiingiza jeki chini ya gari, alimsikia babake akimuuliza dereva kwa sauti ya mtu mwenye duka lake:

"Ameshakueleza kwamba ukitoa haya makubwa, mita yako itarudi kuhesabu kama zamani?"

"Amenieleza, mzee."

"Akueleze tena," Burale alisema. "Na safari hii aandike."

Nurto alikuwa amelala chini ya gari akiitega jeki, uso juu, na hakuna aliyemwona akitabasamu. Alitoka, akafunga matairi mpaka nati ya mwisho, akajifuta mikono, akamwandikia Parmuat.